Vermont haikuhamia kulia

Katika uchaguzi wa Novemba 5, 2024, Vermont ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kabisa kutangazwa kuwa ya Kamala Harris wa Democratic, na hakuna aliyeshtuka. Mshtuko ulikuja zilipohesabiwa kura za ngazi ya jimbo. Harris alipata takriban asilimia 64, kiwango kikubwa kuliko alichopata katika jimbo jingine lolote la Marekani. Kwenye karatasi hiyohiyo ya kura, gavana Phil Scott wa Republican alirudishwa madarakani kwa asilimia 73 hivi. Naibu gavana David Zuckerman alizidiwa kura na John Rodgers, aliyewahi kuwa seneta wa jimbo kwa tiketi ya Democratic kabla ya kuhamia Republican. Katika Seneti ya jimbo yenye viti 30, Warepublican walipanda kutoka 7 hadi 13, na katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 150 walifika 56, wakati kabla ya hapo hawakuwa na hata 40. Theluthi mbili iliyowawezesha Wademokrati na washirika wao kuipiku kura ya turufu ya gavana ikapotea katika mabaraza yote mawili.

Tangu hapo zimezunguka tafsiri mbili. Moja inasema hata Vermont, nyumbani kwa seneta msoshalisti Bernie Sanders, imeanza kuhamia kulia kama maeneo mengine ya mashambani ya Marekani. Nyingine inasema wapiga kura wake hawajui wanachotaka: mtu anawezaje kumpa kura Harris na papo hapo kumpa Scott na mbunge wa Republican? Kwa maoni yangu zote mbili zimeisoma vibaya kura ile. Vermont ilifanya mwaka 2024 kile ilichokwisha kufanya mara kadhaa: iliipima Washington kwa kipimo kimoja na Montpelier, makao makuu ya jimbo, kwa kipimo kingine. Historia yake ndefu ya kura haielezwi vizuri na maneno "kulia" na "kushoto". Inaelezwa na swali ambalo wanavijiji wa kule wamekuwa wakiliuliza kwa vizazi: chama hiki ni cha kwetu au ni cha watu wa mbali? Chama kinapoanza kuonekana cha mbali, wanakiacha, na huanza kukiacha juu, kwenye kura ya rais, miaka mingi kabla ya kukiacha chini.

Kwanza tuelewane kuhusu jimbo lenyewe. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 643,077, na karibu theluthi mbili yao wanaishi nje ya maeneo ambayo sensa inayaita ya mjini. Kwa kipimo hicho hakuna jimbo la mashambani zaidi ya Vermont. Mji mkubwa kuliko yote, Burlington, una wakazi wapatao 45,000. Montpelier una kama 8,000, makao makuu madogo kuliko ya jimbo lolote nchini humo. Kanuni inayorudiwa kwenye televisheni kila baada ya miaka minne, kwamba vijiji ni vya Republican na miji ni ya Democratic, inagonga mwamba hapa.

Na bado jimbo hili ndilo lililokuwa ngome ya Republican kuliko ngome zote. Kuanzia mwaka 1856, mgombea wa kwanza wa urais wa chama hicho aliposimama, hadi 1960, Vermont haikukosa hata mara moja kumpa kura mgombea wa Republican: chaguzi 27 mfululizo. Mwaka 1912 chama kilipopasuka kati ya rais Taft na rais wa zamani Theodore Roosevelt, na Taft akaangukia pua nchi nzima, alibakiwa na majimbo mawili tu, Utah na Vermont. Mwaka 1936 Franklin Roosevelt wa Democratic alichukua kila jimbo isipokuwa Maine na Vermont. Alisimama mara nne na Vermont ikamkataa mara nne. Magavana nao walikuwa Warepublican bila kukatika kuanzia 1854 hadi Philip Hoff aliposhinda kwa tiketi ya Democratic mwaka 1962. Ushindani ulikuwa ndani ya chama: kwa miongo mingi kulikuwa na desturi isiyoandikwa ya kupokezana ugavana kati ya upande wa mashariki na wa magharibi wa milima ya Green Mountains, na ndani ya desturi hiyo kulikuwa na kambi ya wenye machimbo ya marumaru na kambi ya wakulima.

Ni rahisi kuiita historia hiyo uhafidhina, lakini jina hilo linaficha mengi. Katiba ya Vermont ya mwaka 1777, ilipokuwa bado nchi inayojitawala, ilipiga marufuku kuwatumikisha watu wazima kama watumwa. Chama cha Republican kilizaliwa kikipinga utumwa usisambae, na kwa mkulima wa Kiprotestanti wa milimani kikawa chama cha Lincoln, cha kanisa lake na cha mkutano wa kijiji chake. Democratic kilikuwa chama cha Kusini, na karibu zaidi, cha Waairishi na Wakanada wa asili ya Kifaransa waliofanya kazi viwandani Burlington na Winooski. Hilo ndilo lililoamua kura. Sera zilifuata baadaye, na si mara zote zilikuwa za kulia. George Aiken, mkulima aliyekuwa gavana tangu 1937 kisha seneta kuanzia 1941 hadi 1975, alipigania umeme vijijini na msaada wa chakula kwa maskini. Ralph Flanders, seneta mwenzake wa Republican, ndiye aliyepeleka hoja ya kumkemea Joseph McCarthy, seneta aliyejulikana kwa kuwasaka wakomunisti, mwaka 1954. Machi 1936, katikati ya mdororo wa uchumi, serikali ya Roosevelt ilitaka kujenga barabara ya kitalii kwenye mgongo wa milima yao, na ajira zilikuwa nje nje. Wanavijiji walikutana kwenye mikutano yao ya Machi wakapiga kura na kuikataa. Wengine walihofia mazingira, wengine mkono wa Washington, na hofu hizo mbili hazikuwa za kambi tofauti kama ambavyo zingekuwa leo.

Basi nini kilibadilika? Jibu linalopendwa ni wahamiaji. Barabara kuu mbili zilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, IBM ikafungua kiwanda Essex Junction mwaka 1957, viwanja vya kuteleza kwenye theluji vikavuta watu wa New York na Boston, kisha wakaja vijana wa miaka ya 1960 na 1970 waliotaka kuishi shambani. Idadi ya watu iliruka kutoka 389,881 mwaka 1960 hadi 511,456 mwaka 1980. Sanders mwenyewe ni mzaliwa wa Brooklyn. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Bila watu hao Vermont isingekuwa hii tunayoiona. Ila inajaribu kueleza kila kitu, na tarehe zinaikatalia. Hoff alishinda kabla wimbi la vijana halijafika. Kisha, wimbi likiwa limekwisha kufika na kuota mizizi, Vermont ilimchagua Reagan mara mbili na George Bush baba mwaka 1988. Sheria maarufu ya kudhibiti ujenzi ya mwaka 1970, inayojulikana kwa namba yake, 250, ambayo leo ingeitwa ya mrengo wa kushoto bila kufikiria mara mbili, ilitiwa saini na gavana Deane Davis, Mrepublican.

Maelezo yanayonitosheleza zaidi ni kwamba chama ndicho kilichohama. Kituo chake cha uzito kilishuka Kusini kuanzia miaka ya 1960, kikachukua lugha ya makanisa ya huko na hasira za huko, na Mrepublican wa aina ya Aiken akajikuta mgeni katika nyumba aliyoijenga. Vermont ni miongoni mwa majimbo ambayo watu wake hawahudhurii sana ibada, na siasa za mimbari hazikupata pa kushika. Patrick Leahy, aliyeingia Seneti ya Marekani kwa uchaguzi wa 1974, alikuwa Mdemokrati wa kwanza kuchaguliwa kutoka Vermont. Mei 2001 seneta Jim Jeffords aliondoka Republican na kuwa seneta asiye na chama, na kwa hatua hiyo moja akawakabidhi Wademokrati Seneti ya Marekani iliyokuwa imegawanyika 50 kwa 50. Hakuwa mhamiaji. Alikuwa mtoto wa Rutland, mji wa humohumo Vermont, baba yake akiwa jaji mkuu wa jimbo.

Ukitaka kuona kwamba umashambani peke yake hauamui kura, iweke Vermont kando ya West Virginia. Zote za milimani, zote zina vijiji vilivyotawanyika, zote wakazi wake karibu wote ni weupe, kwa hiyo rangi haiwezi kueleza tofauti. Mwaka 1988 Vermont ilimchagua Bush wa Republican na West Virginia ikamchagua Michael Dukakis wa Democratic. Leo West Virginia ni ya Trump kwa asilimia 70 na Vermont haijampa Mrepublican kura yake ya urais tangu hiyo 1988. Zilipishana njiani. Kule West Virginia Democratic kilikuwa chama cha nyumbani kwa sababu ya makaa ya mawe na vyama vya wachimbaji; migodi ilipoanza kufa na chama hicho kikaanza kuzungumzia makaa kama uchafu, kikawa chama cha mbali. Vermont hakukuwa na makaa ya kupoteza. Kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mashamba yao yalipungua kutoka zaidi ya 10,000 katika miaka ya 1940 hadi chini ya 600 leo, lakini hakuna chama kilichoweza kusingiziwa kifo hicho peke yake. Sanders alilielewa hili mapema. Aliposhinda kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1990 alikuwa akizungumzia bei ya maziwa na matibabu, na mpinzani wake Peter Smith, Mrepublican, alikuwa amewaudhi wenye bunduki kwa kuunga mkono marufuku ya silaha fulani. Chama cha wamiliki wa bunduki kilimpiga vita Smith, na Msoshalisti akafaidika. Mashambani mwa Vermont bunduki ni chombo cha kuwindia paa Novemba, na mpaka mwaka 2018 sheria za kuidhibiti zilikuwa karibu hakuna. Aliyezisaini za mwaka huo ni Scott, hadharani, kwenye ngazi za bunge, huku akizomewa na watu wa chama chake.

Sasa turudi kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ile ya wapiga kura waliochanganyikiwa. Inatoka kwa watu waliozoea kura ya mafiga matatu, unayemchagua juu ndiye unayemfuata hadi chini, na wakaamini ndiyo akili ya kawaida. Vermont haijawahi kuwafundisha watu wake hivyo. Mpiga kura haandikishwi kwa chama. Kwenye mchujo wa Agosti anakabidhiwa karatasi za vyama vyote vikubwa, anaijaza moja faraghani na kuzirudisha nyingine tupu, wala hakuna anayejua alijaza ipi. Machi 2024 mchujo wa urais, ambamo mpiga kura hutaja karatasi ya chama anachotaka lakini yuko huru kuchagua chochote, uliipa Vermont sifa ya kuwa jimbo pekee alikoshinda Nikki Haley dhidi ya Donald Trump. Ushindi wake mwingine ulikuwa jiji la Washington, ambalo si jimbo. Na kama kuchanganya kura ni kuchanganyikiwa, basi aanze kupimwa gavana: Scott alisema hadharani kwamba alimpigia Biden mwaka 2020, na mwaka 2024 akasema amempigia Harris. Watu waliomchagua Scott na Harris kwa pamoja walipiga kura kama Scott alivyopiga.

Kilichowafanya waadhibu bunge pia kinajulikana, kinakuja kwa posta: ankara ya kodi. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Vermont iliamua kwamba watoto wa vijiji maskini wana haki ya elimu sawa na ya vijiji tajiri, na bunge likatunga mfumo ambamo kodi ya majengo na ardhi ya jimbo zima inaingia kwenye mfuko mmoja wa elimu. Kijiji kinapiga kura bajeti ya shule yake, lakini kiwango cha kodi kinategemea pia jimbo zima limetumia kiasi gani. Ni mfumo wa haki, na una tatizo lake: unaweza kujibana kwenu, ukapitisha bajeti ya kawaida kabisa, na ankara yako ikapanda kwa sababu ya wengine mia. Mwaka 2024 bima ya afya ya walimu ilikuwa imepanda, fedha za shirikisho za wakati wa korona zilikuwa zimekwisha, bei za nyumba zilikuwa zimeruka. Kwenye mikutano ya Machi takriban theluthi moja ya bajeti za shule zilikataliwa. Bunge likapitisha hata hivyo sheria iliyomaanisha ongezeko la wastani la asilimia 13.8. Scott akaipiga turufu, na Juni Wademokrati wakaipiku. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameipiku turufu yake kwenye sheria ya nishati ya kupasha nyumba joto, ambayo wanavijiji wanaotumia mafuta waliiona kama gharama inayokuja. Ukiwa na theluthi mbili hakuna wa kumsingizia. Novemba watu walijua pa kupeleka malalamiko.

Na hili si jambo jipya. Mwaka 2000, baada ya bunge kutambua kisheria miungano ya wapenzi wa jinsia moja, mabango ya "Take Back Vermont" yalipigiliwa kwenye maghala ya mashamba jimbo zima, na Novemba hiyo Warepublican wakatwaa Baraza la Wawakilishi la jimbo. Siku hiyohiyo Al Gore aliichukua Vermont. Wachambuzi wakaandika, kama wanavyoandika sasa, kwamba upepo umegeuka. Mwaka 2004 Wademokrati walilirudisha baraza hilo mikononi mwao, na mwaka huohuo John Kerry akapata takriban asilimia 59 ya kura za urais, huku Jim Douglas wa Republican akichaguliwa tena kuwa gavana kwa karibu asilimia hiyohiyo. Mwaka 2009 bunge lilihalalisha ndoa zenyewe kwa kuipiku turufu ya Douglas, na safari hii hapakuwa na adhabu ya kiasi kile. Kura ya 2024 ina sura ya ile ya 2000, tofauti ni kwamba sasa chanzo ni ankara.

Kuna hoja moja kinzani ambayo ni nzito. Kaskazini mashariki, eneo wanaloliita Northeast Kingdom, kaunti ya Essex imempa Trump ushindi mara tatu mfululizo. Hapo ndipo penye misitu ya mbao, vipato vidogo na vijana wanaoondoka, na Rodgers anatoka jirani, Glover. Anayetaka kusema kwamba Vermont ni West Virginia iliyochelewa ana pa kuanzia. Mimi nadhani anaitazama sehemu iliyo ndogo mno kwa idadi ya watu, wakati kaunti ya Chittenden, yenye Burlington na vitongoji vyake, inabeba zaidi ya robo ya jimbo. Lakini pengo kati ya pande hizi mbili linakua, na ni pengo la elimu na kipato kabla ya kuwa la chama. Upande mmoja kuna Winooski, mji wa zamani wa vinu vya sufi, ambako watoto wa wakimbizi wa Kongo na Somalia wanasikika wakiongea Kiswahili kwenye korido za shule, na ambako tangu sheria ya 2021 wakazi halali wasio raia wanapiga kura za mji. Hata sheria hiyo Scott aliipiga turufu na bunge likaipiku. Upande wa pili kuna vijiji vinavyohesabu wanafunzi mmoja mmoja kuona kama shule itafika mwakani.

Kwa hiyo Warepublican wa kitaifa wakiihesabu Vermont kuwa inarudi, watahesabu kura ambazo si zao. Umaarufu wa Scott ni wa Scott, mkandarasi na dereva wa mbio za magari za Thunder Road, mtu ambaye watu wanamwona akiwa na koleo baada ya mafuriko. Haujahamishika kwenda kwa mgombea yeyote wa Seneti ya Marekani wala wa urais. Wademokrati nao wakijifariji kwamba asilimia 64 ya Harris inatosha, watasahau kwamba kura hiyo ilikuwa ya kumkataa Trump na haikuwa hundi ya wazi kwa uongozi wa bunge lao. Theluthi mbili imekwenda, na turufu ya gavana sasa inauma, ndiyo maana wamelazimika kukaa naye mezani.

Matokeo ya meza hiyo ni sheria ya elimu namba 73, iliyosainiwa Julai 2025 baada ya Wademokrati wenyewe kugawanyika vikali. Inakusudia kubadili namna shule zinavyofadhiliwa na kuziunganisha wilaya za shule kuwa chache na kubwa zaidi. Kuunganisha wilaya kunaweza kupunguza gharama, na gharama ndiyo iliyowapa Warepublican viti. Lakini shule ndogo zinazoweza kufungwa ziko katika vijiji vilevile vilivyowapa viti hivyo. Mbunge wa Republican aliyeingia kwa hasira ya ankara atakapoletewa ramani inayoifuta shule ya kijijini kwake, kura yake siku hiyo itatueleza kuhusu mwelekeo wa Vermont kuliko ramani yoyote ya rangi mbili.